Ng'ombe hatoki bandani, ugonjwa unaletwa na mwenye sindano

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, na uniwie radhi kwa urefu, maana jambo lenyewe haliishi kwa aya mbili. Mimi ni bibi mifugo mstaafu. Nimefanya kazi katika kata za Njombe na Makete, nimechanja, nimehimilisha, nimekagua nyama machinjioni, na sasa nafuga ng'ombe wangu wachache wa maziwa. Nataka kuzungumzia virusi vya lukemia ya ng'ombe, yaani saratani ya damu ya ng'ombe, ambavyo watu wa maabara huviita kwa kifupi BLV.

Kwenye mikutano ya wafugaji tunazungumza ndigana, homa ya mapafu, kimeta, chambavu, mapele ngozi na kutupa mimba. Ugonjwa huu hautajwi. Hautajwi kwa sababu hauna vurugu. Hauui zizi zima kwa wiki moja, haufungi mnada, haumleti mkuu wa wilaya na kamera. Ng'ombe anavipata virusi leo, anaendelea kula, kupandwa, kuzaa na kukamuliwa, na huenda akafika kwenye kisu cha mchinjaji bila mtu yeyote kujua kwamba alikuwa navyo.

Hesabu yake iko hivi. Katika kila ng'ombe 100 walioambukizwa, zaidi ya 60 hawaonyeshi kitu. Kama 30 hivi chembe nyeupe za damu yao huongezeka na kubaki juu, jambo ambalo hulioni kwa macho mpaka damu ipimwe. Wanaopata uvimbe wenyewe wa saratani hawazidi 5, na hao huwa ni ng'ombe waliokwisha kupita umri wa miaka 3, yaani ng'ombe aliyekwisha kuzaa na kuzoea kukamuliwa, ambaye mwenyewe ameanza kula faida yake. Sasa mtu ataniuliza: watano katika mia, kelele za nini? Kwanza, mwenye ng'ombe mmoja hana asilimia. Huyo mmoja akifa, amebaki na banda. Pili, hao wasioonyesha kitu nao si wazima kama tunavyodhani. Virusi hivi vinakaa ndani ya zile chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, kwa hiyo vinaharibu pale pale penye ulinzi wa mwili. Kule Michigan, Marekani, Paul Bartlett na wenzake walifuatilia mazizi ya maziwa wakaona ng'ombe wenye maambukizi huondoka zizini mapema kuliko wenzao, huyu kauzwa kwa maziwa kukata, yule kwa kuuguaugua. Mfugaji anasema tu "huyu ng'ombe hana bahati", anamtoa.

Nieleze ninachokijua kwa kisu changu mwenyewe. Machinjioni huletwa ng'ombe wa maziwa waliochoka, na mkaguzi anatakiwa akate tezi kabla ya kugonga muhuri. Kuna Frizia mmoja namkumbuka vizuri. Mwenyewe alisema amekonda ghafla na maziwa yamekata. Jicho moja lilikuwa limesukumwa nje, kope hazifungi, likawa limekauka na kutunga ukoko. Tezi za mbele ya bega zilikuwa na ukubwa wa embe dodo, kila upande, na ukizibonyeza akiwa hai hakushtuka kama mnyama anayeumwa jipu. Alipochunwa nikaikata ile ya kulia. Ng'ombe mwenye kifua kikuu tezi yake ukiikata kisu hukwaruza, maana ndani mna usaha uliokauka wenye chembe za chokaa. Hii kisu kilipita laini moja kwa moja, ndani yote nyeupe iliyoingia kijivu, inang'aa, haina usaha, haina harufu. Nikafungua moyo. Ukuta wa chumba cha juu upande wa kulia ulikuwa umejaa nyama ile ile nyeupe, nene kuliko kidole. Nikaenda kwenye mfuko wa nne wa tumbo, nao ukuta umenenepa hivyo hivyo. Nyuma ya lile jicho ndipo palipokuwa na donge lililolisukuma. Nyama yote ikamwagiwa dawa na kufukiwa. Mwenyewe alisimama pembeni ameshika kamba tupu, akaniuliza kama angalau ngozi anaweza kuichukua.

Picha hiyo ya jicho, tezi, moyo na mfuko wa nne ndiyo picha ya vitabuni ya lukemia ya ng'ombe. Kipande cha tezi kikiwekwa kwenye fomalini na kingine cha damu kikapelekwa maabara, ubishi unaisha. Tatizo ni kwamba vipande hivyo havipelekwi. Mkaguzi anaandika "uvimbe" kwenye daftari, daftari linajaa, linafunguliwa jingine.

Na huko nyuma, kabla ng'ombe hajafika machinjioni, anatibiwa nini? Anatibiwa ndigana kali. Hapa ndipo nchi za kwetu zina ugumu ambao Wazungu hawana. Kwetu tezi ikivimba, kila mtu kuanzia mchungaji hadi muuza dawa anasema ndigana, na mara nyingi wanasema kweli, maana kupe wa masikioni wapo na ndigana kali inaua. Lakini ndigana kali ina mwendo wake. Inaanza na tezi iliyo chini ya sikio alilong'atwa, homa inapanda kufikia nyuzi 40 na zaidi, ng'ombe anapumua kwa shida, na asipotibiwa wiki mbili tatu zinamtosha. Ukichoma tezi kwa sindano, ukapaka maji yake kwenye kioo na kuyatia rangi, chini ya darubini unaona vidoa vya buluu ambavyo hadi leo vinaitwa kwa jina la Robert Koch, yule daktari Mjerumani aliyefanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19. Tezi ya lukemia huvimba bila homa, pande zote mbili, na inakaa. Ng'ombe anadungwa dawa ya ndigana, ile ya bei mbaya, tezi haishuki. Anaongezewa chupa ya pili. Haishuki. Mfugaji anaambiwa dawa za siku hizi feki. Dawa si feki, ugonjwa siyo huo. Kioo kimoja chenye rangi kingemwokolea pesa ya chupa ya pili, na kingemwambia daktari atafute kwingine.

Virusi vyenyewe vilijulikana mwaka 1969. Ugonjwa wa uvimbe huu Wajerumani walikuwa wameshauandika tangu karne ya 19, na watu walishauona unatembea katika mazizi fulani na kuyaacha mengine, lakini chanzo kilikuwa hakishikiki. Janice Miller na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walichukua chembe nyeupe za ng'ombe wagonjwa wakazikuza chupani, wakazichochea kwa kitu kinachotokana na maharage, na hapo ndipo virusi vikajitokeza chini ya darubini ya elektroni. Mimi mtu wa Njombe, mkoa wa maharage, habari hiyo huwa inanifurahisha kila nikiikumbuka. Maana yake ni kwamba ndani ya ng'ombe virusi hivi vimejificha. Vimejiandika kwenye vinasaba vya chembe nyeupe, na chembe ikigawanyika vinagawanyika nayo. Ndiyo maana hakuna dawa ya kuviondoa, na hakuna chanjo inayouzwa. Ng'ombe akishavipata ni vyake mpaka siku ya kisu.

Kwa kuwa vinakaa ndani ya chembe za damu, vinasafiri na damu. Si kwa kupumuliana, si kwa kunywea birika moja, si kwa kulala banda moja tu. Damu ya ng'ombe huyu iingie kwa yule, na kiasi kinachotosha ni kidogo kuliko tone, kiasi ambacho ukikitazama kwenye sindano utasema sindano ni safi.

Sasa tazama jinsi tunavyofuga huku kwetu. Ng'ombe wa maziwa hatembei. Yuko bandani, analetewa majani, pumba, mashudu na maji. Hajuani na ng'ombe wa jirani. Virusi vya damu vinatokaje basi kwenye banda la mama huyu na kuingia banda la mwenzake ng'ambo ya korongo? Vinakwenda na mtu. Vinakwenda na mtaalamu mwenye begi, kwenye pikipiki, anayetoka banda hadi banda. Mchanjaji ana bomba moja la sindano lenye dozi nyingi na anachanja kijiji kizima kwa sindano ile ile mpaka iwe butu, ndipo aibadili, na anaibadili kwa sababu haichomi, si kwa sababu ni chafu. Nimeshuhudia hivyo joshoni, ng'ombe wamepangwa kwenye kichochoro wanapita kama kwenye foleni, na nilipouliza mbona sindano haibadilishwi nikajibiwa kwamba dawa ni chanjo, itajisafisha yenyewe. Chanjo haisafishi sindano.

Mhimilishaji naye. Mrija wa mbegu hauna neno, kila ng'ombe ana wake, na kwa hili uhimilishaji ni salama kuliko dume la kijiji linalozungushwa kwa kamba. Shida ni glovu. Mkono unaingia njia ya haja kubwa ili kushika mlango wa kizazi au kupima mimba, ukuta wa utumbo unachubuka kidogo, damu inabaki kwenye glovu. Ile glovu ndefu ya plastiki imetengenezwa ivaliwe mara moja. Nimeiona ikisuuzwa kwenye ndoo, ikakung'utwa, ikaingizwa kwa ng'ombe wa nyumba ya pili. Mfugaji anaona maji, anaridhika. Kukata pembe ng'ombe mkubwa kwa waya ndiyo mbaya zaidi, maana pale damu inaruka mpaka ukutani, na waya unafutwa kwa majani. Kuna koleo la kuvalishia hereni, kuna kisu cha kuhasi, kuna chuma cha kuchora namba sikioni. Vyote hivi vinagusa damu, na vyote vinakaa kwenye begi moja.

Pange na inzi wanaong'ata nao wamo, siwatetei. Lakini pange akifukuzwa kabla hajashiba anamalizia kwa ng'ombe aliye hapo karibu. Hapandi pikipiki kwenda kata nyingine. Mama naye humwambukiza ndama, mara chache akiwa tumboni, na baadaye kwa dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na kwa maziwa ya kawaida. Hapo kuna utata wake, kwa sababu dang'a hiyo hiyo inampa ndama kingamwili za kumlinda, kwa hiyo kumnyima ndama dang'a ni kumuua kwa ugonjwa mwingine. Dawa yake ni kuipasha moto nyuzi 60 kwa saa nzima, joto ambalo linaua virusi na kuziacha kingamwili. Kwa mwenye kipimajoto hilo linawezekana. Asiye nacho atumie dang'a ya ng'ombe aliyepimwa akaonekana mzima.

Je, virusi hivi vipo nchini kwetu? Vipo. Mwaka 1997 watafiti Schoepf, Kapaga, Msami na Hyera walichapisha matokeo yao katika jarida la kimataifa la afya ya wanyama wa nchi za joto: walipima damu ya ng'ombe wa Tanzania wakakuta kingamwili za virusi vya lukemia. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana mtoto wake shuleni. Tangu hapo tumeleta mitamba kutoka nje, tumegawa mitamba kwa miradi, idadi ya ng'ombe wa kisasa imeongezeka Njombe, Rungwe, Mufindi, Kilimanjaro, Arusha na Tanga, na wachanjaji na wahimilishaji wameongezeka pamoja nao. Mfugaji wa leo akiuliza hali ikoje kwenye wilaya yake, ofisi haina karatasi ya kumwonyesha.

Ninachoomba kwa watu wa Sokoine pale Morogoro na Wakala wa Maabara ya Veterinari ni kazi ambayo si ya gharama kubwa kama inavyosikika. Wafugaji wetu tayari wanapeleka maziwa kila asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia. Kingamwili za virusi hivi zinaonekana kwenye maziwa kama zinavyoonekana kwenye damu, kwa kipimo kile kile cha Elisa ambacho maabara zetu wanakitumia kwa magonjwa mengine. Chukua chupa ndogo kutoka kwenye tanki la kituo. Tanki likiwa safi kabisa, eneo hilo liache, nenda kwingine. Tanki likionyesha, rudi siku ya pili uchukue kutoka kwenye dumu la kila mfugaji kabla halijamiminwa. Hapo umeshajua nyumba zipi, na damu utaipima kwa hao tu. Hakuna kumfunga ng'ombe kamba, hakuna kumdunga, hakuna kutembea kijiji kizima. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili anaweza kuanza na vituo vya wilaya moja.

Hivi ndivyo wenzetu wa New Zealand walivyokwenda. Hawakuanza kwa kuchinja. Walipima maziwa ya pamoja ya kila zizi, wakashuka kwa makundi, wakashuka kwa ng'ombe mmoja mmoja, gharama ikabebwa na sekta yenyewe ya maziwa, na kufikia 2008 mazizi yao ya maziwa yakawa yametangazwa kuwa safi. Denmark walianza zamani zaidi, mwaka 1959, kabla hata virusi havijajulikana. Walikuwa na kitu gani? Walikuwa na hesabu ya chembe nyeupe tu. Mtaalamu wao Bendixen alitengeneza jedwali la kusoma idadi ya chembe hizo kwa umri wa ng'ombe, maana ndama kwa kawaida anazo nyingi kuliko mkubwa, na zizi lililoonekana na ng'ombe waliozidi kipimo likazuiwa kuuza mifugo hai. Walivumilia zaidi ya miaka 30, ndipo Ulaya ikawatambua rasmi mwaka 1991. Waingereza wakafuata mwaka 1999.

Upande wa pili wako Wamarekani, ambao waligundua virusi wenyewe, wana vyuo na maabara za kila aina, na hawakuweka mpango wa taifa wa kuvitokomeza. Uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2007 ulikuta dalili za virusi kwenye asilimia 83.9 ya mazizi ya maziwa. Ikishafikia hapo huwezi tena kusema chinja walioambukizwa, utabaki na ng'ombe gani? Sasa watafiti wao wanatafuta njia ya kuwatoa kwanza wale wachache wenye virusi vingi sana kwenye damu, maana si kila aliyeambukizwa anaambukiza sawa. Japani walianza kulazimisha utoaji taarifa mwaka 1998, wagonjwa wakiwa hawafiki mia, na miaka ya karibuni wanaandikisha zaidi ya 4,000 kwa mwaka. Ukiwalinganisha hawa na Wadenishi, tofauti kubwa naiona kwenye mwaka walioanza.

Sitegemei serikali yetu ilipe fidia ng'ombe kwa ng'ombe. Tusidanganyane, fedha hiyo haipo, na kuna magonjwa yanayoua kwa haraka yanayostahili kwanza. Lakini kubadili sindano hakusubiri fidia. Juni 2025 Rais alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Naiunga mkono kwa moyo wote, homa ya mapafu ya ng'ombe imetusumbua vya kutosha na utambuzi kwa hereni utasaidia hata katika hili ninalolisema, maana ng'ombe aliyepimwa atakuwa na namba. Ombi langu ni kwamba penye kampeni kubwa namna hii, sindano zihesabiwe kwa idadi ya ng'ombe kama dozi zinavyohesabiwa, na si kwa idadi ya chupa. Koleo la hereni lichovywe kwenye dawa kati ya ng'ombe na ng'ombe. Mchanjaji wa chini huwezi kumlaumu ikiwa ametumwa na sindano kumi kwa ng'ombe elfu. Alaumiwe aliyeandika bajeti.

Na faida yake haiishii kwenye lukemia. Ndigana baridi nayo inapita kwenye sindano yenye damu, na hiyo kila mfugaji anaijua inavyomaliza maziwa. Nasema hivi kwa sababu najua afisa akiambiwa "badili sindano kwa ajili ya BLV" ataniuliza nani amekufa kwa BLV. Basi abadili kwa ajili ya ndigana baridi, virusi navyo vitazuilika humo humo.

Jambo jingine ni mitamba. Miradi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe imetuinua wanawake wengi wa huku, na mimi ni shahidi, nimeona nyumba za bati zilizotokana na mtamba mmoja. Katika utaratibu ule, unapewa mtamba, anazaa, mtoto wake wa kwanza jike unamlea na kumpitisha kwa familia nyingine. Fikiria basi mtamba wa kwanza alikuwa na virusi. Tunapitisha ugonjwa nyumba kwa nyumba kwa sherehe, na mgeni rasmi anapiga makofi. Mtamba anapopimwa mimba kabla ya kukabidhiwa, achukuliwe na damu siku hiyo hiyo. Umri huo kipimo kinasema kweli. Kwa ndama aliye chini ya miezi 6 kingamwili za dang'a ya mama yake zinaweza kukupa jibu la kuambukizwa wakati yeye mwenyewe hana kitu. Vivyo hivyo kwa mashamba ya kuzalisha mitamba na waagizaji kutoka nje. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeuweka ugonjwa huu kwenye orodha yake na lina mwongozo wa kupima kabla ya kuvusha mpaka. Mnunuzi ana haki ya kuomba cheti, na kama hakipo apunguziwe bei au aache.

Najua swali litakalofuata, maana nimeshaulizwa kanisani na sokoni: maziwa haya yana saratani? Yakichemshwa hayana virusi hai. Gertrude Buehring wa California alitangaza mwaka 2014 kwamba amekuta vinasaba vya virusi hivi kwenye matiti ya baadhi ya wanawake, wengine wakatafuta wasivione, na wanasayansi wanaendelea kubishana. Haijathibitishwa kwamba mtu anapata saratani kwa ng'ombe. Maziwa mabichi yana mambo mengine yaliyothibitishwa tangu zamani, homa ya kutupa mimba na kifua kikuu, kwa hiyo anayekunywa mabichi kwa sababu eti ndiyo ya asili ana la kuogopa hata bila virusi vya lukemia. Naomba jambo hili lisije likageuzwa kuwa tangazo la kuwatisha watu waache maziwa. Mama anayeuza lita zake sita asubuhi hana pa kukimbilia uvumi ukienea.

Kwa mfugaji mwenzangu ambaye ng'ombe wake atapimwa na kukutwa navyo: usimuuze mnadani kama wa kufuga, utakuwa umemtupia mwenzako. Mkamue kama kawaida, maziwa yachemshwe. Mwambie mtaalamu akifika aanze na ng'ombe wazima, yeye awe wa mwisho, na sindano na glovu alizotumia kwake ziishie hapo. Pembe za ndama wake zichomwe kwa chuma cha moto wakiwa wachanga, wiki za kwanza, kabla hazijawa za kukatwa kwa waya. Ndama wakipita miezi 6 wapimwe, jike mzima ndiye wa kumrithi mama yake. Naye mama akianza kushuka maziwa, apelekwe machinjioni angali na mwili, akaguliwe, wala asingojewe mpaka jicho litoke. Na siku mchanjaji akifika bandani kwako, muulize sindano ya ng'ombe wako iko wapi, akufungulie paketi uione. Akikasirika, mpe kiti akae, mpe na uji, lakini ng'ombe usimfungue.

Bibi Mifugo Mstaafu,
Njombe.
(Jina kamili na anuani nimemwachia mhariri.)